Rimu Zilizopitwa na Punda

Wazee waliotunga methali ya mbacha na msala walikuwa watu wa kuketi chini, na mtu wa kuketi chini huijua mikeka. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na kila usiku unakulaza. Msala ni mkeka mzuri unaouona ukipita begani mwa mwingine. Ukiutupa mbacha wako kwa kuutamani msala, na msala ukaenda zake, utalala wapi? Ndambiri, kijana wa mji wa Embu, alifundishwa methali hii shuleni. Aliiandikia hata insha, akapata alama zote. Kisha akaisahau kabisa, mpaka siku alipokumbushwa na punda.

Ndambiri alikuwa na pikapu ndogo nyeupe aliyoiita Kanyoni, yaani kidege. Kanyoni haikuwa na urembo wowote. Rimu zake zilikuwa za chuma cheusi, za inchi kumi na nne, na matairi yake yalikuwa membamba yenye meno makubwa kama ya ng'ombe mzee. Lakini ilikuwa na moyo. Ilibeba mbuzi kutoka soko la Gachoka hadi kwa wachinjaji wa Majengo, na ndizi na parachichi kutoka Karurumo, mvua inyeshe au jua liwake, bila kununa.

Ni Kanyoni hiyo hiyo iliyomkutanisha na Ciku. Siku hiyo Ciku, fundi wa kushona nguo wa Gachoka, alikuwa ameenda Karurumo kuchukua ndizi za mama yake, akaomba apakiwe pamoja na mzigo wake. Mvua ikanyesha kama iliyofunguliwa kwa mfereji. Tairi la nyuma likapata pancha, matope yakafika kwenye vifundo vya miguu, na Ndambiri akaanza kulaani mbingu na nchi. Ciku alitandaza leso yake ya manjano, akazikinga nati zote tano zilipofunguliwa, akazifumbata kama mtu aliyebeba mayai.

"Nati ikizama hapa, wewe na mimi tutalala na hizi ndizi," alisema huku maji yakimtiririka usoni.

Ndambiri alicheka mpaka spana ikamponyoka. Grisi ya nati hizo iliiachia leso alama nyeusi yenye umbo la figo. Ciku aliifua mara kumi, haikutoka. Na tangu siku hiyo, Ndambiri naye hakutoka Gachoka.

Mwaka mmoja baadaye, siku ya ruracio ikapangwa, siku ya kupeleka mahari kwa kina Ciku. Mbuzi sita, kondoo dume mmoja na debe la asali vilikuwa tayari. Jambo moja tu liliwatia watu baridi: baba yake Ciku, Mzee Salesio. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ilisemekana kwamba enzi zake aliwahi kumfungia lango hata mkaguzi wa shule aliyechelewa kwa dakika nne. Alituma ujumbe mfupi: "Lango litafungwa saa sita kamili. Atakayelikuta limefungwa arudi baada ya mavuno ya mwakani. Mtu asiyeweza kufika hawezi kufikisha."

Ndambiri hakuogopa saa. Aliogopa kudharauliwa. Alikuwa kijana wa moto, wa kutembea kifua mbele, na kila alipoiwazia Kanyoni ikiingia ukweni na rimu zake nyeusi za mbuzi, aliona aibu kama aliyealikwa arusini bila viatu.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Kaburu akapita mjini. Kaburu alikuwa mchuuzi kutoka Meru, mwenye lori na ulimi. Jumamosi moja kila mwezi alitandaza turubai kando ya barabara, akapanga rimu za kung'aa, akaziuza, na kufikia jioni alikuwa ameshaondoka. Ndambiri alipita, akaangalia, akapita tena, akasimama.

"Ndugu yangu," Kaburu alisema akiizunguka Kanyoni na kutikisa kichwa kwa masikitiko, "hii pikapu ni msichana mrembo, na wewe umemvalisha ndara."

Neno hilo lilimchoma. Kaburu akainua rimu ya inchi kumi na saba, pana, yenye vijiti kumi vinavyometameta kama jua lililokatwa vipande. Tairi lake lilikuwa pana na fupi kama mkanda.

"Zitaingia?" Ndambiri aliuliza, mate yakimjaa.

"Wewe una boliti tano. Rimu ina matundu matano. Hiyo ni hesabu ya chekechea, mkubwa!"

Pesa alizokuwa ameweka za kununulia suti zikaishia kwa Kaburu. Rimu nne zikapakiwa, na Ndambiri akaenda mbio hadi Majengo, kwa fundi wake wa miaka yote, Hassan.

Hassan alikuwa mzee mwembamba, mtulivu, mwenye mikono iliyojua vyuma kama mkunga ajuavyo tumbo. Alifungua gurudumu moja la zamani, akaiegesha rimu mpya mahali pake, akachuchumaa, akachungulia. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Naona mwanga," alisema hatimaye.

"Si ndiyo! Inang'aa!"

"Hapana, kijana wangu. Naona mwanga hapa katikati, mahali ambapo sipaswi kuona kitu. Tundu la rimu ni pana kuliko kitovu cha gari. Rimu hukaa kwenye kitovu kama kofia kichwani. Hii inaning'inia kwenye nati peke yake. Inataka pete ya kujaza pengo hili, na inataka nati zake. Hizi zako ni za rimu ya chuma, hazilali vizuri kwenye rimu hii. Tena ni pana, imetokeza nje ya bodi. Ukiweka mzigo, bodi itashuka iile tairi."

"Hiyo pete inachukua muda gani?"

"Nipe wiki mbili niagize."

"Wiki mbili! Mzee Hassan, wiki mbili nitakuwa nimeshaoa!"

"Basi oa na rimu zako za chuma," Hassan alisema akijifuta mikono. "Wallahi, mimi hizi sizifungi hivi."

Ndambiri alifura kama hamira. Alichukua jeki na spana, akazifunga rimu mwenyewe pale pale, kwa nati zile zile za zamani, huku mzee akimtazama. Kisha akaizungusha Kanyoni mara mbili kwenye lami, tupu, bila hata kifaranga nyuma. Ilikwenda kama maji ya mfereji. Akarudi akitabasamu, mkono nje ya dirisha.

Palikuwa na mtu mwingine pale siku hiyo. Jamaldin, muuza maji wa Gachoka, alikuwa amekuja mjini kuutafutia mkokoteni wake matairi yaliyotumika. Alizitazama rimu nyeusi zilizolala mavumbini kama mtu anayetazama chakula cha wengine.

"Zichukue," Ndambiri alimwambia. "Zote tano, pamoja na tairi la akiba."

"Bure?"

"Bure. Zinanikumbusha dhiki."

Jamaldin alishika kichwa. "Mungu akupe watoto saba! Mkokoteni wangu una ekseli ya pikapu kama hii hii yako, iliyokufa. Hizi zitaingia kama kidole kwenye pete!"

"Kijana," Hassan alijaribu kwa mara ya mwisho, "angalau uziweke nyumbani mpaka uzione hizo mpya zikibeba kitu."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jioni hiyo Ndambiri alimpigia Ciku simu, akamwelezea rimu mpya kijiti kwa kijiti. Ciku alisikiliza hadi mwisho.

"Na za zamani ziko wapi?"

"Nimempa mtu wa punda."

Ciku akacheka, kicheko chenye mwiba ndani. "Zile ndizo zilikuleta kwangu, Ndambiri. Leo umetupa rimu kwa sababu umeona nyingine zinang'aa. Kesho utaona nini kinang'aa?"

Ndambiri alicheka pia, lakini usiku huo maneno hayo yalimwasha kama upupu.

Siku ikafika. Wiki nzima Ndambiri hakuwa amebeba mzigo wowote, asije akachafua rimu. Jamaa wengine walitangulia kwa gari la kukodi, wakasubirie langoni. Ndambiri aliondoka na Kanyoni saa tatu na nusu: mbuzi na kondoo nyuma pamoja na mjomba wake Ngari wa kuwalinda, na mbele, kando yake, shangazi Gladwell, msemaji wa ukoo, aliyekumbatia debe la asali kama mtoto mchanga.

Kwenye lami, Kanyoni ilimfanya Ndambiri ajihisi chifu. Watoto walipunga mikono. Ni kweli kulikuwa na sauti kidogo nyuma, kama paka anayekuna mlango.

"Hiyo ni nini?" shangazi aliuliza.

"Ni mbuzi, shangazi."

"Mbuzi tangu lini anakuna chuma?"

Walipopita Gachoka na kuiacha lami, paka akageuka chui. Barabara ya murram ilikuwa na mawe na mashimo, na kila shimo liliishusha bodi juu ya matairi mapana. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Kisha usukani ukaanza kutetemeka, kwanza kama mtu mwenye baridi, halafu kama mtu mwenye malaria.

"Ndambiri! Ndambiri! Simama!" Mjomba Ngari alipiga bodi kwa viganja. "Gurudumu linacheza ngoma huku!"

Ndambiri alisimama, akashuka, akaona. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limeliwa ubavuni mpaka nyuzi zikatoka, na likakata roho mbele ya macho yao kwa mlio mrefu wa huzuni. Nati mbili hazikuwepo kabisa. Tatu zilizobaki zilifunguka kwa vidole. Alikimbilia upande wa pili: nati moja imeenda, nyingine zimelegea kama meno ya bibi.

"Toa tairi la akiba, twende," shangazi alisema kutoka dirishani.

Ndambiri alianza kuifuta rimu vumbi kwa kiganja.

"Ndambiri. Tairi la akiba."

"Sina, shangazi."

Shangazi Gladwell aliweka debe la asali chini taratibu, kama mtu anayetaka mikono yake iwe huru. "Mwana wa kaka yangu. Umenitoa kwangu nimevaa kitambaa kipya cha kichwa, umenipakia asali, umenileta nyikani katika gari la miguu mitatu?"

Ilikuwa saa tano na dakika tano. Kilomita tatu zilibaki. Ngari alipendekeza waswage mbuzi kwa miguu, lakini kondoo dume alilala chini papo hapo na kukataa katakata. Ndambiri aliketi kwenye jiwe. Jua lilizipiga rimu zake, zikang'aa kwa fahari kana kwamba hazikuhusika. Akilini alimwona Mzee Salesio akiitazama saa yake. Akasikia tena simu ya Ciku: kesho utaona nini kinang'aa?

Ndipo wakasikia kwato. Kwenye kona akatokea punda wa kijivu, masikio wima, akivuta mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, mwepesi kama hana kitu. Juu yake aliketi Jamaldin akipiga mluzi. Na chini ya mkokoteni, juu ya mawe yale yale, ndani ya mashimo yale yale, yalizunguka kwa utulivu magurudumu mawili meusi yenye meno ya ng'ombe mzee.

Ndambiri aliyatambua kama mtu anavyotambua viatu vyake miguuni mwa mwingine. Punda akawapita, hata hakugeuka.

"Jamaldin!" Ndambiri alipiga kelele. "Jamaldin, simama!"

"Chifu, simama!" Jamaldin alimwamuru punda, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jina lake. Alitazama pikapu, akatazama rimu, akatazama mbuzi. Midomo yake ilitetemeka kwa kicheko alichojaribu kukimeza. "Bwana arusi! Nami napeleka maji kwa Mzee Salesio, ya sherehe yako. Kumbe tutafika mimi na Chifu kwanza?"

"Ndugu yangu," Ndambiri alisema, "naomba... naomba unirudishie rimu zangu."

"Za dhiki?"

"Hizo hizo."

Shangazi Gladwell alicheka kwanza. Akafuata Ngari, kisha Jamaldin, na mwishowe Ndambiri mwenyewe, mpaka mbuzi wakaanza kulia wakidhani wanaitwa.

Kazi ikaanza. Walihamishia maji kwenye pikapu, mitungi kati ya mbuzi, wakaegemeza mkokoteni juu ya mawe. Ndambiri alifungua tairi bovu na kutaka kuweka gurudumu moja tu, lakini Jamaldin akamzuia. "Weka mawili, yote ya nyuma. Mguu mmoja ukiwa mfupi na mwingine mrefu, gari litatembea kama mlevi." Nati za mkokoteni zikatumika nyuma, na zile za nyuma zilizosalia zikawekwa mfukoni mwa shangazi, ambaye hakumwamini tena mtu mwingine. Za mbele zikakazwa mpaka spana ikalia. Rimu za chuma ziliingia mahali pake kwa sauti moja fupi, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe.

Kanyoni ikasimama. Lakini ilisimamaje! Mbele ilikuwa juu, na nyuma ilikuwa chini, kama fisi.

"Twende hivyo hivyo," shangazi alisema. "Fisi naye hufika kwenye karamu."

Wakaenda, taratibu, huku Jamaldin akiwafuata juu ya mgongo wa Chifu. Walifika zikibaki dakika tatu. Jamaa waliotangulia walikuwa wamejipanga kando, roho mkononi, na kaka yake Ciku alikuwa ameshashika lango kwa mikono miwili. Nyuma yake walisimama wanawake wa boma, wakiimba:

"Mmechelewa wageni, jua limefika kati,
Mwatafuta nini ndani, semeni tuone hati!"

Shangazi Gladwell alishuka, akaweka kitambaa chake sawa, akajibu bila kupepesa jicho:

"Twatafuta ua shani, halichumwi kwa manati,
Tulikwama mabondeni, zikatuponyoka nati!"

Vigelegele vikapasua anga. Lango likafunguliwa. Mama yake Ciku alichungulia nyuma ya pikapu, akaona mitungi kati ya mbuzi, akapiga makofi. "Maji! Jamani, mkwe ameleta na maji!" Katika nchi ile kavu, hilo lilikuwa jambo zaidi ya asali.

Mzee Salesio, mrefu, miwani puani, aliizunguka Kanyoni polepole kama anayesahihisha mtihani. "Mbuzi sita, sawa. Kondoo, sawa. Asali, sawa. Maji, hatukuomba lakini tumeshukuru." Akamtazama Chifu. "Punda pia hatukuomba." Kisha akainama. "Na hizi rimu. Za mbele zinacheka na za nyuma zinalia. Eleza."

Ndambiri angeweza kudanganya. Ulimi wake ulishaanza kutengeneza uongo mzuri. Lakini alimwona Jamaldin akimtazama, akauacha. Alieleza yote mbele ya watu wote: Kaburu, Hassan, pete, tundu lenye mwanga, rimu alizozitoa bure na kuziomba kwa unyenyekevu njiani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Salesio hakucheka.

"Umesema kweli," alisema. "Sasa tuone kama umeelewa. Leteni wasichana."

Hii ndiyo desturi iliyokuwa imebaki. Wasichana watano waliletwa uani, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, kimo kimoja, hakuna hata kidole kilichoonekana. Bwana arusi alipaswa kumtambua wake. Akimshika asiye wake, atatozwa mbuzi mwingine, tena atachekwa mpaka wajukuu. Wa katikati alikuwa amefunikwa leso mpya ya hariri yenye nyuzi za dhahabu, na alitembea kwa madaha, nyonga zikiongea.

"Huyo wa kung'aa!" mjomba Ngari alinong'ona. "Bibi arusi ndiye huvalishwa vizuri. Mshike!"

Miguu ya Ndambiri ilishaanza kwenda huko. Mkono wake ulishainuka. Uzi wa dhahabu ukametameta juani, vijiti kumi, jua lililokatwa vipande. Akasimama, mkono hewani. Akashusha pumzi, akaanza kutazama upya, si mahali panapong'aa, bali kila mahali.

Wa mwisho kushoto alikuwa amefunikwa leso ya manjano iliyopauka, ya kuvaliwa shambani. Pembeni mwake, karibu na pindo, palikuwa na alama nyeusi yenye umbo la figo.

Ndambiri alienda akapiga magoti. "Nati ikizama hapa," alisema, "wewe na mimi tutalala na hizi ndizi."

Leso ikaanza kutikisika kwa kicheko. Ikafunuka. Alikuwa Ciku, machozi machoni, meno yote nje.

"Nilikuwa na leso mpya nne," alisema. "Nikasema, kama ataipita hii, basi anipite na mimi."

Ndipo Mzee Salesio alipocheka, kicheko kizito ambacho watu wa boma walisema hawakukisikia tangu astaafu. Ngoma zikalia, mbuzi wakafunguliwa, na leso ya dhahabu ilipofunuliwa ikaonekana ni mjomba wa Ciku, mwenye ndevu, aliyezifanyia mazoezi nyonga zake wiki nzima.

Leo Kanyoni inabeba mbuzi kama zamani, juu ya rimu zake zote za chuma, na tairi la akiba liko chini ya bodi. Kaburu hajapita tena Embu. Rimu za kung'aa hazikupotea: Hassan aliziagizia pete na kuzifunga mbili kwenye mkokoteni wa Jamaldin, na sasa Chifu ndiye punda anayevuta maji kwa fahari kuliko wote Gachoka. Watu wakimwona akipita akimetameta, hucheka na kumkonyeza Ndambiri, naye huweka mkono begani mwa Ciku, akacheka pamoja nao, kwa maana amejifunza kwa jasho lake kile alichokiandikia insha bila kukijua: usiache mbachao kwa msala upitao.